Mguu Wangu, Kengele na Kiroboto

Ijumaa, 4 Oktoba

Mke wangu amenipa daftari hili na kalamu. "Yote unayotaka kunigombezea, yaandike humo," amesema. "Mimi nina kazi." Basi naandika.

Mguu wa kulia umefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya goti. Jana nilipanda ngazi kusafisha mfereji wa maji wa paa la kanisa kabla mvua hazijaanza, ngazi ikateleza. Mke wangu alikuwa ameniambia nisubiri mtu wa kunishikia. Alipofika hospitali hakulia. Alinitazama tu, akasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu ni mimi." Hata muuguzi alicheka.

Wiki nane bila kukanyaga. Mimi ni mtunza kanisa kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na sijawahi kukosa hata Jumapili moja. Kufungua milango, kufagia, kupanga mabenchi, kupiga kengele, yote ni yangu. Sasa yatafanywa na mke wangu pamoja na mwana wetu wa miaka tisa, ambaye ana jina zuri la ubatizo lakini mtaa mzima unamwita Kiroboto, kwa kuwa hajawahi kukaa mahali pamoja kwa muda wa kuchemka chai.

Mungu alitazame kanisa lake.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa amekuja kunijulia hali. Yeye ni fundi saa, na hata pole anaitoa kwa kipimo. Alikaa dakika kumi, akasimama, akasema, "Tutaangalia mambo yanavyokwenda. Baraza litakaa katikati ya Novemba, tuamue kama tutafute mtu mwingine."

Nyumba hii iko ndani ya ua wa kanisa na inakwenda na kazi. Akija mtunza kanisa mwingine, sisi tunafunga virago. Mke wangu alikuwa mlangoni akasikia.

Jumapili, 6 Oktoba

Kutoka kitandani naona mnara wa kengele, mlango wa ubavuni wa kanisa, na mlango ukiwa wazi, mabenchi matatu ya mbele. Ni kidogo, lakini kinatosha kumpandisha mtu presha.

Kengele ya ibada ni mapigo kumi na mawili, yenye nafasi sawa. Kiroboto kapiga kumi na tisa. Nilipomuuliza, kasema, "Nilifika kumi na mbili, Baba, ila ilikuwa tamu."

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua imeanza.

Jumapili, 13 Oktoba

Leo nimeona kwa macho yangu. Nusu saa kabla ya ibada mtoto alikuwa anasukuma mabenchi. Benchi la pili kalivuta nyuma, la tatu kalisogeza kando hadi karibu na ukuta, na la kwanza, ambalo ni la wazee wa baraza, kaliacha mshazari kama kiatu kilichovuliwa kwa haraka. Nimepiga kelele dirishani hadi koo likauma. Amenipungia mkono akaendelea.

Mabenchi hayo nayapanga kwa uzi. Nafunga uzi kutoka ukuta hadi ukuta, navuta, na kila benchi linagusa uzi. Miaka kumi na minne.

"Kwa nini umeyahamisha?" nimemuuliza baada ya ibada.

"Yalikuwa yanataka kuhama, Baba. Unajua upepo ukitoka—"

"Usinijibu kihuni! Hakuna cha upepo."

Mke wangu aliniangalia kwa jicho ambalo nalifahamu, nikajifanya naangalia plasta.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimemtuma Kiroboto na uzi ayarudishe mabenchi, nami nasimamia kwa sauti kutoka dirishani. Kisha akapiga deki. Huwa kuna madimbwi madogo sakafuni kila Jumatatu ya mvua. Aliporudi kaniuliza, "Baba, yale maji yanatoka wapi?"

"Miamvuli ya watu," nimemwambia. "Nimeyapangusa tangu hujazaliwa."

Kafungua mdomo, kaufunga, kaondoka na ndoo yake.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mguu unawasha ndani ya plasta. Nimejikuna kwa mpini wa mwiko. Mke wangu anautafuta mwiko.

Jumapili, 20 Oktoba

Kahamisha tena. Na safari hii si vile vile alivyohamisha juma lililopita, kabuni mtindo mpya. Mwenyekiti alisimama dakika nzima akitafuta mahali pake, kisha akalisukuma benchi la wazee yeye mwenyewe hadi linapopaswa kuwa, akakaa. Nikampenda kwa hilo.

Kiroboto nimemnyima mpira wa jioni. Hakubisha. Mezani tukamwambia aombe kabla ya kula, akafumba macho kwa nguvu: "Ee Mungu, asante kwa chakula. Umponye Baba haraka, ili asiwe anatuangalia dirishani. Amina." Mama yake alisema amina kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Jumanne, 22 Oktoba

Bibi Mwalimu hali yake si nzuri. Huyu ndiye aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa kanisa hili, Mwenyekiti akiwamo. Wiki jana ametimiza miaka themanini, nyumba yake iko nyuma ya ukuta wetu, na kifua kimembana tangu mvua zianze. Mke wangu humpelekea supu, na Kiroboto hubeba bakuli. Huwa wanarudi wakiwa wamechelewa kwa sababu mtoto anambishia bibi wa watu kuhusu hesabu.

Mwenyekiti hajamtembelea mwaka mzima. Mwaka jana alisoma somo ibadani, na Bibi Mwalimu akasema mbele za watu, "Mwanangu, unasoma kama anayefukuzwa na mbwa. Rudia." Alirudia, ila tangu siku hiyo hajakanyaga kwake.

Jumamosi, 26 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia kwenye kengele.

Mtu wa kanisani akifariki, hapa kwetu kengele hupigwa polepole, pigo moja kwa kila mwaka wa umri wake. Watu huacha walichoshika na kuhesabu. Yakiishia ishirini, moyo unapasuka. Yakipita sabini, watu wanasema alikula chumvi ya kutosha, lakini bado wanalia.

Asubuhi ya saa nne, mvua ya manyunyu, nikasikia pigo la kwanza. Nikangoja la pili. Likaja polepole, kama inavyotakiwa. Mke wangu alikuwa sokoni. Nikahesabu. Ilipopita sitini nikajua ni mzee. Ilipopita sabini na tano nikajua ni nani, maana kanisani mtu wa umri huo ni mmoja tu. Kengele ikanyamaza kwenye themanini kamili.

Nililia. Sioni aibu kuandika. Alinifundisha kusoma nikiwa mtu mzima, mimi na mkoba wangu wa zana, saa za jioni, bila kumwambia mtu.

Kisha watu wakaanza kupita uani mwetu, maana ndiyo njia ya mkato ya kwenda kwake. Wanawake wamejifunga khanga vichwani, wanaume wanakimbia na miamvuli iliyofungwa kana kwamba wamesahau kazi yake. Na katikati yao Mwenyekiti, miguu mitupu kwenye matope, kile kioo chake cha kuangalia ndani ya saa kikining'inia shingoni, analia kwa sauti kama mtoto wa chekechea.

Hapo ndipo Kiroboto akaingia chumbani, amelowa, uso umemshuka. Akakaa mwisho wa kitanda.

"Nimemaliza, Baba."

"Umefanya vizuri, mwanangu. Nani kakwambia?"

"Sijaambiwa. Nimemkuta mwenyewe. Amelala kwa ubavu, miguu imenyooka."

"Ulikwenda kwake peke yako?"

"Si mbali. Bandani hapo."

Nikamtazama. "Bandani kwa nani?"

"Kwa Madoa."

Madoa ni kuku wetu.

Nimevunjika mguu, lakini maumivu yale si kitu. "Umempigia kuku kengele ya msiba?"

"Si kuku tu, Baba. Ni Madoa." Machozi yakaanza kumtoka. "Nilimuuliza Mama jana ana miaka mingapi, akasema huyo ni bibi kizee. Na mimi bibi kizee ninayemjua ana themanini. Basi nikampa themanini, asipunjwe."

Nilitaka kuruka kitandani nimkimbize, na nilitaka kucheka, na yote mawili yalikatazwa na daktari. Nje bado watu walikuwa wanakimbia.

Yaliyotokea kule nimesimuliwa na mke wangu, aliyekuta umati akitoka sokoni. Bibi Mwalimu alikuwa ameketi kitandani anakunywa chai. Alikuwa akihesabu pia, akijiuliza huyo mwenzake wa themanini ni nani na kwa nini hakuwahi kutambulishwa kwake. Mlango ukafunguka, Mwenyekiti akaanguka magotini kando ya kitanda na uso ukiwa umefunikwa kwa mikono. "Mwalimu wangu! Mwalimu wangu, nimechelewa!"

"Umechelewa wapi?" akasema Bibi Mwalimu. "Inuka, unanilowanishia mkeka."

Wanasema Mwenyekiti alipiga ukelele, na waliokuwa nyuma yake wakakimbia hadi barabarani. Mmoja amepoteza kiatu na hajarudi kukichukua.

Jumapili, 27 Oktoba

Mchungaji kaeleza mbele ya kanisa kwamba jana hakuna aliyefariki. "Isipokuwa kuku," akaongeza, na watu wakaangua kicheko, wote ila mmoja. Mwenyekiti alipita chini ya dirisha langu bila salamu. Watu wamemwona analia miguu mitupu, na aibu hiyo atamlipizia nani kama si mimi.

Tarehe imetangazwa: baraza litakaa Jumamosi, 16 Novemba. Ajenda ya kwanza, mtunza kanisa.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimemgombeza mtoto hadi nikaishiwa maneno. Nimemwambia tunaweza kupoteza nyumba kwa ajili yake. Akauliza, "Na Mama pia atatoka?" Nikasema wote tutatoka. Alikwenda kukaa kwenye ngazi za mnara, na kwa mara ya kwanza akakaa tu. Sikuipenda namna ile ya kukaa.

Jumanne, 29 Oktoba

Mke wangu amempeleka Kiroboto kwa Bibi Mwalimu kuomba msamaha. Nilitarajia arudi amevutwa sikio. Karudi na daftari jipya.

"Alisemaje?"

"Alisema tangu Jumamosi kifua kimefunguka kwa kucheka. Kasema watu wengi huliliwa wakiwa hawasikii, yeye kasikia. Halafu kaniuliza Madoa alikuwa kuku wa namna gani, nikamsimulia, akasema themanini zilimstahili."

Jumapili, 3 Novemba

Mvua kubwa. Mabenchi yamehamishwa kwa mtindo wa tatu. Nimechoka kupiga kelele.

Ijumaa, 8 Novemba

Daktari kanipa magongo. Naruhusiwa kutembea kidogo. Keshokutwa nitaingia kanisani mwenyewe, na mabenchi yatakaa kwenye uzi, na kama Mwenyekiti ana macho ataona kwamba mtunza kanisa bado yupo.

Jumapili, 10 Novemba

Leo nataka kuandika kila kitu, hata kama mkono utauma.

Nilifika kanisani saa moja kabla ya ibada, kwa magongo, jasho linatoka. Kiroboto alikuwa amekwisha kuhamisha. Nikamwamuru arudishe yote. Akasema, "Baba, leo upepo unatoka upande wa shule." Nikamwambia sijamuuliza habari za upepo. Nikafunga uzi mwenyewe, nikakaa kwenye kiti nikielekeza kwa gongo, na mtoto akasukuma benchi moja moja hadi kila moja likagusa uzi. Nilitazama kazi ile nikaona raha. Ilikuwa imenyooka kama ukurasa wa daftari.

Miaka yote ibada ikiendelea mimi hukaa barazani, nje ya mlango mkubwa, kuangalia wanaochelewa na watoto wanaotoroka. Leo kwa ajili ya mguu nilikaa ndani, pembeni mwa ukuta, nikiwaelekea watu.

Mvua ikaanza katikati ya wimbo wa pili. Tone la kwanza likamwangukia fundi bati, mzee wa watu, begani. Hakutazama juu. Alisogeza bega kidogo, kwa namna ya mtu aliyezoea, tone lililofuata likapita mbele yake. Kisha mama mjane wa benchi la nne akafungua kitambaa cha plastiki akakiweka mapajani kuifunika Biblia yake. Kisha watoto wawili wakakinga viganja. Na mbele kabisa, pale pa heshima, penye benchi la wazee, tone nene likawa linamwangukia Mwenyekiti shingoni, tuu, tuu, linaingia ndani ya kola. Alikaa wima. Hakupangusa. Kila likianguka alifumba macho kidogo, akafumbua.

Hakuna aliyelalamika. Hakuna aliyewahi kulalamika. Kila mmoja anadhani ni vibaya kunung'unika nyumbani mwa Mungu, na kila mmoja anadhani tone ni lake peke yake.

Miamvuli! Miaka kumi na minne nimepangusa yale madimbwi nikasema ni miamvuli. Ngazi yangu inafika kwenye mfereji, juu ya paa sijawahi kupanda, na kila mwaka baraza likiuliza najibu, "Paa ni salama." Nyani haoni kundule.

Kiroboto alikuwa amesimama nguzoni. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama matone, anayafuata moja moja kwa macho, midomo inacheza. Anahesabu. Nikaelewa mitindo yote mitatu. Upepo ukitoka upande huu maji yanaingia pale, ukitoka upande ule yanaingia kwingine, na mtoto huyu, asiyeweza kumaliza sahani ya chakula bila kusimama mara nne, amelisoma paa zima kwa wiki tano na kumpa kila mtu mahali pakavu. Na mimi nimemnyima mpira kwa ajili hiyo.

Alijaribu kuniambia. Tarehe kumi na tatu Oktoba, nimerudi kusoma nilichoandika. Alisema "upepo ukitoka", nikamkata kauli.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimemwambia mke wangu. "Mimi nilijua tangu juma la pili," akasema huku akimenya viazi.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe unaambilika?"

Akatia kiazi sufuriani, akasema, "Mwambie mtoto. Kuandika humo hakumfikii."

Nimesema nitamwambia. Baba yangu mzazi hakuwahi kuniambia neno la namna hiyo, na sijui linaanzaje.

Alhamisi, 14 Novemba

Nilijaribu leo. Nikamwita, akaja mbio, nikasema, "Hebu nionyeshe viatu vyako." Akanionyesha. Vilikuwa vichafu. Nikasema vioshwe.

Ijumaa, 15 Novemba

Kesho baraza. Nikinyamaza kuhusu paa, huenda nikanusurika: watasema mtoto mtundu, baba mgonjwa, tumvumilie. Nikisema, nitakuwa mtunza kanisa aliyedanganya miaka kumi na minne, hata kama sikujua. Mke wangu ameanza kukunja mashuka ambayo hayakuhitaji kukunjwa.

Jumamosi, 16 Novemba

Walikaa kanisani mbele, wamezunguka meza. Mwenyekiti, Mchungaji, wazee wanne, fundi bati akiwamo, na Bibi Mwalimu ambaye ni mzee wa baraza tangu zamani na leo kaja na mkongojo, makoti mawili, na uso wa mtu aliyerudi kutoka safari. Mimi nilipewa kiti. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi watu wakapandisha sauti.

Mwenyekiti alisoma: mtunza kanisa hawezi kusimama, mabenchi yamevurugwa Jumapili tatu, kengele ya msiba imepigwa kwa ajili ya ndege wa kufugwa na kusababisha taharuki. Alisoma polepole na vizuri. Bibi Mwalimu akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika na usomaji.

"Una la kusema?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilinitoka yote kichwani. Nikasema, "Paa linavuja."

Wazee wakatazama juu.

"Linavuja mahali pengi, na limevuja miaka mingi, nami nimewaambia ni salama kwa sababu sijawahi kuketi ndani mvua ikinyesha. Nilipangusa maji nikasema ni ya miamvuli. Fundi bati amelowa bega miaka mingapi sijui. Hilo ni kosa langu, na mkiniondoa kwa hilo, sina neno. Lakini mabenchi hayakuvurugwa. Mwanangu aliyahamisha kufuata upepo ili watu wakae pakavu. Mimi nimelifagia kanisa hili miaka kumi na minne nikijua mabenchi tu. Yeye kwa wiki tano ameshajua nani anakaa wapi na nani analowa. Yeye ni mtunza kanisa kuliko mimi."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele za watu.

Mwenyekiti akakunja karatasi, akakunjua. "Maneno ya upepo," akasema, "ni ya kitoto."

Hapo mlango wa ubavuni ukafunguliwa, akaingia Kiroboto na ndoo. Alikuwa amekatazwa kabisa kuingia. Hakunitazama. "Shikamooni," akasema. "Mwenyekiti, samahani, sogea kidogo."

"Nisogee kwa nini?"

"Upepo umegeuka."

"Mtoto, hapa kuna kikao."

"Haya," akasema Kiroboto kwa upole. Akaiweka ndoo sakafuni, mkono mmoja kutoka kiti cha Mwenyekiti, akatoka na kurudishia mlango taratibu.

Tukangoja. Hakuna aliyesema tunangoja, ila tulingoja. Tone likaanguka katikati ya karatasi ya Mwenyekiti, likayeyusha neno "taharuki". La pili likamwangukia kwenye kipara. Akakaa wima, kama anavyokaa siku zote. La tatu. La nne.

"Mwanangu," akasema Bibi Mwalimu, "unajiadhibu kwa ajili ya nani?"

Mwenyekiti akainuka, akavuta kiti chake kando, akaivuta ndoo kwa mguu hadi pale alipokuwa ameketi. Sauti ya maji kuingia ndooni ikasikika kanisa zima. Mchungaji alikuwa ameziba mdomo kwa Biblia, mabega yanatikisika.

"Miaka tisa," akasema Mwenyekiti, akipangusa shingo kwa kitambaa. "Miaka tisa tangu niwe mwenyekiti. Nilidhani ndiyo gharama ya kukaa mbele."

Kisha akacheka. Sikujua anaweza. Wazee wote wakacheka, fundi bati akasema kwamba yeye alidhani ni jaribu lake la imani, na mambo yakawa hayashikiki.

Bibi Mwalimu akagonga mkongojo. "Kuhusu kengele nami niseme. Nimekaa kule mwaka mzima nikidhani mwanafunzi wangu amenisahau. Kuku akafa, akaja bila viatu. Andikeni hivyo kwenye kumbukumbu za kikao, au msiandike, mimi najua."

"Nilikuja bila viatu," akasema Mwenyekiti, akiangalia meza. "Ni kweli."

Tunabaki. Mimi naendelea na kazi, nyumba ni yetu. Paa litatengenezwa mvua zikikatika, na fundi bati amesema ataongoza kazi mwenyewe. Mpaka siku hiyo, mabenchi yapangwe na Kiroboto. Kengele asiiguse bila mtu mzima. Mke wangu nilipomwambia, alirudi ndani akayakunjua mashuka yote.

Jumapili, 17 Novemba

Mabenchi yamekaa ovyo kabisa. Hakuna aliyelowa.

Alhamisi, 28 Novemba

Plasta imekatwa. Mguu uliotoka ni wa mtu mwingine, mwembamba na mweupe kama uliopakwa vumbi. Natembea.

Jumapili, 1 Desemba

Leo nimemwambia.

Tulikuwa kanisani wawili tu baada ya ibada, yeye anamimina ndoo, mimi nafagia. Niliendelea kufagia ili nisimtazame, nikasema, "Umefanya kazi nzuri. Nilikuwa sioni, wewe ukaona. Najivunia wewe, mwanangu."

Kiroboto alisimama na ndoo mkononi, hakusogea. Nilihesabu hadi kumi, na bado alikuwa amesimama.

"Kwa hiyo naweza kwenda kucheza?"

"Nenda."

Akatoka mbio. Nikasikia miguu yake ikivuka ua, kisha ikasimama nyuma ya ukuta, walipo wenzake.

"Baba yangu," akawaambia, anahema, "kaniambia mimi ni hodari kuliko yeye, na kuliko Mwenyekiti, na kuliko watu wote wa kanisani."

Sikusema hivyo. Nilisimama na ufagio wangu nikasikiliza hadi mwisho, na sikutoka kwenda kumsahihisha.